Haibridi yako inakula mafuta? Tafuta chanzo kabla ya kulaumu betri

Malalamiko ya wenye haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, huwa yanafanana. Gari limesifiwa kwamba halili mafuta, limenunuliwa kwa matumaini hayo, na baada ya miezi michache mwenyewe anaona hakuna tofauti kubwa na lile aliloliuza. Mshitakiwa wa kwanza huwa betri, na fundi asiye makini hukubali haraka, maana betri ndiyo kipuri cha bei kali kuliko vyote. Betri iliyochoka ina dalili zake, nami nimeziweka mwishoni kwa makusudi. Pitia kwanza yanayotangulia, kwa sababu mengi hayahitaji kipuri chochote.

Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo. Haibridi ya kawaida, ile isiyochomekwa kwenye soketi, haina chanzo kingine cha nguvu zaidi ya petroli uliyojaza. Umeme ulio kwenye betri ama umetengenezwa na injini, ama umeokolewa gari lilipopunguza mwendo, na mwendo wenyewe uliletwa na petroli. Kwa hiyo kila unapotafuta chanzo cha tatizo, jiulize mambo mawili: injini ikiwa imewaka, inafanya kazi yenye faida? Na nguvu iliyokwisha kutoka, inapotelea wapi?

Kwanza, una hakika linakula?

Watu wengi wanaolalamika hawajapima. Wanaangalia mshale wa tangi, au wanakumbuka walijaza lini. Njia inayoaminika ni moja: jaza mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, usiongezee hata kidogo, kisha rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida. Ukijaza tena, gawa lita zilizoingia kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100. Lita 31.5 kwa kilomita 630 ni lita 5.0 kwa kila kilomita 100, au ukipenda, kilomita 20 kwa lita.

Tangi moja halitoshi kutoa hukumu. Pampu moja hujikata mapema, nyingine huchelewa, na gari likiwa limeinama kidogo tangi hupokea tofauti. Chukua mfano huo huo: zikiingia lita mbili pungufu utasoma 4.7, zikiingia mbili zaidi utasoma 5.3, ilhali uendeshaji haujabadilika hata kidogo. Ndiyo maana unajumlisha matangi matatu au manne, halafu unagawa mara moja. Anayejaza robo robo hawezi kupima chochote.

Namba ya dashibodi inasaidia kulinganisha leo na jana kwenye barabara ile ile. Mara nyingi hupendelea gari kidogo, kwa hiyo usiitumie kubishana na fundi. Usijilinganishe pia na namba ya katalogi bila kujua ilipimwaje. Vipimo vya zamani vya Japani, 10-15 na JC08, na kile cha zamani cha Ulaya, NEDC, vilikuwa vya upole mno. WLTP iliyoanza Ulaya mwaka 2017 inakaribia barabara halisi zaidi. Gari lililotangazwa kwa kipimo cha JC08 likishindwa kufikia namba yake, hilo si ugonjwa.

Injini haizimiki asubuhi, au kwenye safari fupi

Hii ni kawaida, na pia ndipo mafuta mengi yanapoishia. Injini ikiwa baridi, mfumo huilazimisha iwake hata kama gari limesimama na betri imejaa. Oili bado nzito, na kichocheo cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosti hakifanyi kazi mpaka kipate moto. Katika dakika hizo za kwanza si ajabu kuona dashibodi ikionyesha mara mbili ya matumizi yako ya kawaida. Ukienda kilomita mbili, ukazima, ukakaa saa tatu, ukarudi kilomita mbili, basi maisha yote ya gari lako yanapita kwenye kipindi hicho cha kupasha moto.

Dawa yake ni mpangilio kuliko ufundi. Unganisha shughuli zako ziwe mzunguko mmoja, na anza na ile ya mbali zaidi, ili vituo vya karibu uvipite injini ikiwa bado ya moto. Usipashe gari likiwa limesimama: washa, ondoka, lakini nenda taratibu kilomita ya kwanza. Mahali pa baridi, chelewesha kidogo hita ya ndani. Katika haibridi nyingi joto la hita linatoka kwenye maji ya injini, na ukiiweka juu kabisa umeiambia injini isizime.

Kitufe cha EV, cha kutembea kwa umeme peke yake, kina matumizi yake mazuri hapa: kusogeza gari uani, kulitoa njiani mwenzako apite, kuliingiza gereji. Kuwasha injini baridi kwa ajili ya mita ishirini, kisha kuizima, ni hasara tupu.

Lakini kama umeshaendesha dakika ishirini na injini bado haikubali kuzima kwenye taa za barabarani, shuku themostati, vali ya maji ya kupozea injini, iliyoganda ikiwa wazi. Maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote na injini haifiki joto lake. Mwombe fundi asome joto la maji kwenye mashine ya uchunguzi wakati gari linatembea. Likikaa chini sana ya nyuzi 80 hata baada ya safari ndefu, umepata jibu, na themostati ni kipuri kidogo.

Taa ya EV inawaka sana, lakini mafuta yanaisha vile vile

Hili ndilo kosa la madereva wenye bidii, na ndilo ninalokutana nalo zaidi. Mtu ameona taa ya EV, akaipenda, sasa anaendesha ili isizime. Taa za barabarani zikigeuka kijani anatoka kama anayebeba mayai. Waliomfuata wanapiga honi. Betri inashuka mpaka vibao viwili kwenye kipimo chake cha dashibodi, halafu anaposimama kwenye foleni injini inawaka yenyewe na kuanza kuichaji, gari likiwa halisogei.

Fuata njia ya nguvu hiyo. Petroli inachomwa, injini inazungusha jenereta, umeme unaingia kwenye betri, baadaye unatoka, unapita kwenye inveta, kifaa cha kuubadili ufae mota, unafika kwenye mota, ndipo gurudumu linapozunguka. Kila kituo kinakata chake. Laiti injini ingelisukuma gurudumu moja kwa moja pale mwanzo, sehemu kubwa ya makato hayo isingekuwapo.

Halafu betri yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ile ya Prius ya kizazi cha tatu ina uwezo wa takriban kilowati-saa (kWh) 1.3, na mfumo hauruhusu itumike yote; kwa kawaida huilinda isishuke sana chini ya asilimia 40 wala isipande sana juu ya 80. Kinachobaki mkononi ni kama nusu kWh. Lita moja ya petroli ina karibu kWh 9 za joto, na hata injini ikipoteza zaidi ya nusu yake, akiba nzima ya betri unayoihangaikia haizidi bilauri moja ya petroli. Faida ya betri iko kwenye kujazwa na kutumiwa mara nyingi ndani ya safari moja. Kuivuta hadi chini mara moja hakuleti kitu.

Basi fanya hivi. Unapoondoka, kanyaga kwa uamuzi. Kwenye Toyota na Lexus zenye kipimo cha CHG (kuchaji), ECO (kubana mafuta) na PWR (nguvu), peleka mshale nusu ya juu ya ECO, karibu na mpaka lakini bila kuingia PWR. Injini itawaka, iache. Ikiwa na mzigo wa wastani ndipo inapotoa kazi nyingi kwa kila tone, na inapochechemea na mzigo mdogo ndipo inapotumia vibaya. Ukifika mwendo unaoutaka, tuseme 50, nyanyua mguu kabisa kwa sekunde moja. Injini inazima. Sasa rudisha mguu kidogo sana, kiasi cha kulishika gari lisipunguze haraka, na utaona mishale kwenye mchoro wa nishati inapungua au kupotea. Gari linaserereka. Likishuka hadi 40 na kitu, kanyaga tena kwa uamuzi ule ule.

Kunyanyua mguu injini ikazima kunategemea mwendo na kizazi cha gari. Katika Prius ya kizazi cha pili ukishapita kama kilomita 65 kwa saa injini haizimi tena kabisa. Ya kizazi cha tatu inakubali mpaka kupita kidogo 70. Magari mapya yanaweza kuizima hata karibu na 100. Jaribu lako ujue linakubali hadi wapi, kwa sababu kuendesha 62 badala ya 68 kwenye barabara ya mji kunaweza kubadilisha kabisa tabia ya injini.

Tahadhari moja: mtindo huu wa kukanyaga na kuachia ni wa barabara iliyo wazi. Ukiwa na msururu nyuma yako, shika mwendo wa wote. Dereva anayepanda na kushuka bila sababu inayoonekana anawatia wenzake wasiwasi, na kuna atakayelazimisha kukupita mahali pasipofaa.

Nimewasha Eco, sioni tofauti

Hutaiona sana. Katika magari mengi Eco inapunguza wepesi wa kanyagio la mafuta na kupunguza nguvu za kiyoyozi. Injini ni ile ile. Inamsaidia mwenye mguu mzito. Mwenye mguu mtulivu hana cha kupata, na wengine hukanyaga zaidi kufidia uzito wa kanyagio na kurudi pale pale.

Kwenye foleni ni nzuri, barabara kuu ni mbaya

Umezoea gari la kawaida, ambalo ni kinyume chake, ndiyo maana unashtuka. Mjini haibridi inafaidika kwa kuzima ikisimama na kuokoa nguvu ya breki. Kwenye barabara kuu hakuna kusimama wala breki; kuna upepo tu. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 100 kwenda 120, ukinzani unaongezeka kwa asilimia 44. Na unapata nini? Kwenye safari ya kilomita 50, kwa 100 ni dakika 30, kwa 120 ni dakika 25. Umenunua dakika tano kwa bei kubwa, tena kama mbele yako hakuna lori wala kizuizi.

Punguza kilomita kumi kwa saa na upime tangi zima. Hakuna mbinu nyingine ya barabara kuu inayofikia hiyo. Kidhibiti mwendo kinafaa penye tambarare. Penye vilima kizime, kwa sababu kitakanyaga mafuta mengi ili tu kilinde namba uliyokipa. Ni afadhali mwendo ushuke kidogo ukipanda, urudi wenyewe ukishuka. Kreti ya mizigo juu ya paa ishushwe isipotumika. Madirisha yafungwe. Kujificha nyuma ya lori ili likukatie upepo, watu wanafanya, na linapunguza mafuta kweli, lakini umbali unaohitajika ni ule ambao lori likifunga breki huna nafasi ya kufanya lolote. Usifanye.

Aina ya haibridi nayo ina neno lake hapa, na muuzaji hakukuambia. Nissan Note e-Power, iliyotoka Japani mwaka 2016, injini yake haiunganishwi na magurudumu kabisa; inazalisha umeme tu. Mjini ni tamu, lakini kwenye mwendo mrefu wa kasi, nguvu yote lazima igeuzwe umeme kwanza, na makato yale niliyoyaeleza yanakuwa ya safari nzima. Honda za e:HEV zina klachi inayofunga injini na magurudumu moja kwa moja kwenye barabara kuu, kwa sababu hiyo hiyo. Na yale yanayoitwa haibridi ndogo, yenye mfumo wa volti 48, mengi hayawezi kutembea kwa umeme peke yake. Ukilitarajia gari la namna hiyo likupe matumizi ya Prius, utabadilisha vipuri vyote bila kulipata.

Nafunga breki sana lakini betri haijazi

Breki ya haibridi ina tabaka mbili. Ukigusa kanyagio kidogo, mota inageuka jenereta na gari linapunguza mwendo kwa kuzalisha umeme. Ukikanyaga zaidi ya uwezo huo, pedi na diski zinaingia kazini, na hapo nguvu inageuka joto na kupotea.

Hesabu inaonyesha vizuri. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye 60 kwa saa limebeba nguvu ya mwendo kama kWh 0.06. Ukilisimamisha kwa sekunde kumi, umeme unatakiwa kuingia kwa wastani wa kilowati 21 hivi, kiasi ambacho betri ya haibridi inaweza kukipokea kwa sehemu kubwa. Ukilisimamisha kwa sekunde tatu, ni kilowati 70. Hakuna pa kuziweka. Mwendo ule ule, taa ile ile, tofauti ni ulianza kuachia mafuta wapi.

Kwa hiyo tazama mbali. Taa ikiwa nyekundu mita mia mbili mbele, mguu utoke sasa hivi, kisha breki iguswe mapema na kwa ulaini, mshale ukae ndani ya CHG bila kugonga mwisho. Mita chache za mwisho kabla ya kusimama ni za pedi, usihangaike nazo. Na hata uokoaji ulio bora una makato yake, hivyo kuserereka bila kugusa breki bado kunashinda. Dereva mzuri wa haibridi anachaji kidogo kuliko unavyofikiri.

Gia ya N iache. Ukiwa kwenye nyutro mota haichaji, na ukikaa N kwenye foleni ndefu injini haiwezi kuijaza betri hata ikishuka. Kusimama, tumia D na breki, au P. Nayo B imewachanganya wengi wanaodhani inajaza betri zaidi. Kazi yake ni breki ya injini kwenye miteremko mirefu: inaizungusha injini ili imeze nguvu, na breki zisipate moto sana. Kwenye barabara ya kawaida B inakuondolea kuserereka na haikupi chochote.

Kama gari linaonekana zito tu, haliserereki, fanya jaribio. Endesha mwendo wa kawaida bila kufunga breki kwa nguvu, simama, kisha pitisha kiganja karibu na rimu za magurudumu yote manne bila kugusa diski. Moja likiwa na joto zaidi ya wenzake, kalipa, kifaa kinachobana pedi, imeng'ang'ania. Hutokea sana kwenye haibridi, kwa sababu pedi zinatumika kidogo mno na vipande vyake vinaota kutu vikiwa vimetulia. Kusafisha na kupaka grisi pini za kalipa kila unapozungusha matairi ni kazi ya muda mfupi.

Nashuka mlima, sijakanyaga, injini inaunguruma

Betri imejaa na mfumo unatafuta pa kupeleka nguvu, basi unaizungusha injini bila kuipa mafuta. Si hitilafu, na haili petroli. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 100 linaachia kama kWh 0.4, na akiba inayotumika ya betri ni nusu kWh. Unaona jinsi mteremko usio mkubwa unavyoijaza. Ukiijua njia, tumia betri kwenye kilele kabla ya kushuka ili uwe na nafasi.

Joto likizidi, matumizi yanapanda

Kompresa ya kiyoyozi katika haibridi nyingi inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, ndiyo maana upepo baridi unaendelea injini ikiwa imezima. Lakini umeme huo unaisha, na kwenye foleni utaona injini inawaka kila baada ya dakika chache kwa ajili ya kiyoyozi peke yake. Gari likiwa limekaa juani, fungua milango kwanza hewa moto itoke, kisha washa kwa mzunguko wa ndani, nyuzi 24 au 25. Ukiweka 16 kompresa itafanya kazi bila kupumua.

Usikizime kabisa ukateseka, kwa sababu betri nayo inavuta hewa ya ndani ya gari. Kwenye Prius na wenzake wengi kuna tundu la feni ubavuni au chini ya kiti cha nyuma. Pale ndipo watu hutupa begi, shuka, kiti cha mtoto. Pale ndipo vumbi na manyoya ya mbwa hujikusanya mpaka wavu unageuka zulia. Betri ikipata joto, mfumo unaipunguzia kupokea na kutoa umeme, injini inafanya kazi zaidi, na dalili ya kwanza utakayoisikia ni feni ikivuma nyuma ya bega lako. Ukiisikia mara kwa mara hata siku isiyo na joto kali, ondoa mfuniko, vuta vumbi, safisha wavu. Kwenye barabara za vumbi usingoje kelele.

Lilikuwa zuri, limebadilika

Uliza: lilibadilika polepole au ghafla?

Polepole ni upepo wa matairi kwanza, kisha filta ya hewa, plagi, na magurudumu kupoteza mstari. Presha pima matairi yakiwa baridi, kabla ya kuondoka, na fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, haihusiani na gari lako. Hali ya hewa ikipoa kwa nyuzi kumi, presha inashuka kama psi 2 bila tundu lolote. Kuongeza psi mbili juu ya kibandiko wengi hufanya na haina shida kubwa. Wanaokwenda kumi wanapunguza mshiko wa tairi barabarani, na siku ya mvua wataujua.

Ghafla, kumbuka ulifanya nini wiki ile. Matairi mapya? Tairi la asili la haibridi mara nyingi limechaguliwa kwa wepesi wa kubingirika, na badala yake ukawekewa la bei nafuu lenye kashata nene; hiyo peke yake inaweza kueleza tofauti yote. Sevisi? Soma risiti ya oili. Injini iliyotengenezwa kwa oili nyepesi ya 0W-20 ikijazwa nzito ya 20W-50, kila kuwaka kwake kunakuwa kazi, na katika haibridi injini inawaka na kuzima mara nyingi sana kwa safari moja. Umehama au umebadilisha njia? Mafuta yenye ethanoli asilimia 10 nayo yana nishati pungufu kwa takriban asilimia 3, kiasi kidogo lakini kinachoonekana kwa anayepima.

Kwa wenye Prius ya kizazi cha tatu, kuna la kuangaliwa mapema. Mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini, EGR, huziba masizi kadiri kilomita zinavyoongezeka. Gari likitetemeka kwa nguvu sekunde chache linapowaka asubuhi, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, usiendelee kuhesabu lita. Gasketi ya silinda hedi inaweza kuwa imeanza kupitisha maji, na hapo kila siku ya kusubiri inaongeza bili.

Sasa ndiyo, inaweza kuwa betri

Dalili za betri iliyochoka hazifanani na zile za mguu mzito. Vibao vinaruka: vimejaa juu ya kilima, dakika tatu baadaye viwili, kisha vinapanda tena bila mteremko wowote. Injini ikiwa ya moto inawaka karibu kila unaposimama. Kuondoka kunakuwa kuzito. Feni inavuma hata ukiwa umeshaisafisha. Baadaye taa za onyo zinakuja, lakini gari linaweza kupoteza mafuta kwa muda mrefu kabla ya hapo.

Usikubali hukumu kwa maneno. Mwombe fundi akuonyeshe volti za kila kundi la seli kwenye skrini, kwanza gari likiwa limetulia, kisha likikanyagwa kwa nguvu. Prius za kizazi cha pili na cha tatu zenye betri ya nikeli zina moduli 28 zinazosomwa katika makundi 14. Yote 14 yakishuka na kupanda pamoja, betri ina uhai na tatizo lako liko juu ya ukurasa huu. Moja au mawili yakizama peke yake kila unapokanyaga, hapo pana ugonjwa. Kubadilisha moduli moja mbovu kwa nyingine iliyotumika ni nafuu kwa leo, lakini zilizobaki zina umri ule ule, na mara nyingi jirani yake anafuata baada ya miezi. Mimi ningekubali suluhisho hilo kwa gari ninalokaribia kuliuza tu, na ningemwambia mnunuzi. Na kazi yenyewe ni ya fundi mwenye glavu za volti kubwa: nyaya za rangi ya chungwa zinabeba zaidi ya volti 200, na gari likiwa limezimwa si lazima ziwe salama mpaka plagi ya usalama ya betri itolewe na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kitabu cha gari upite.